Kali na Kukolea

Karatasi ilikuja Mkata kwa basi, ndani ya bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Konda alinipa kupitia dirishani bila kushuka, akasema, "Dada Sabuni, mzigo wako kutoka Korogwe. Mdogo wako kasema usome ukiwa umekaa."

Sikukaa. Niliisoma nimesimama kando ya meza yangu ya sabuni, mkono mmoja ukiishika isipeperushwe na upepo wa malori.

Ilikuwa fomu ya shule. Ilisema kwamba mimi, mzazi au mlezi wa mwanafunzi huyo wa kidato cha tatu, nakubali aache somo la kemia na kuhamia masomo ya sanaa kwa sababu hana uwezo wa kulimudu. Chini kulikuwa na mstari wa nukta wa kuweka saini. Sehemu nyingine zote zilikuwa zimeshajazwa kwa mwandiko mzuri wa mtu asiye na wasiwasi. Kilichobaki ni mimi.

Ndani ya bahasha kulikuwa pia na kipande cha daftari. Mdogo wangu alikuwa ameandika: "Dada, nimepata arobaini na moja. Wanataka arobaini na tano. Kama husaini, njoo."

Mdogo wangu anataka kuwa muuguzi. Alianza kulisema hilo akiwa na miaka tisa, kwenye benchi la wodi alikolazwa mama, na hajawahi kubadilisha hata mara moja, tofauti na watoto wengine ambao leo ni rubani na kesho ni mwanasheria. Chuo cha uuguzi hakimchukui mtu asiye na kemia. Kwa hiyo mstari ule wa nukta haukuwa wa somo moja. Ningeandika jina langu pale, ningekuwa nimemaliza jambo ambalo alilianza kwenye benchi lile.

Mimi niliishia kidato cha pili. Nalisema mapema, mtu asije akadhani nalificha. Baba alikuwa mkata mkonge Ngombezi, kama baba yake aliyetoka mbali kuja kukata mkonge huohuo. Mama alikuwa Mzigua wa Handeni. Baba alitangulia, mama akafuata baada ya miaka miwili, na mimi niliyezaliwa wa kwanza nikavua sketi ya shule, nikamshika mdogo wangu mkono, tukatoka kwenye nyumba ya kambi ya mkonge na kurudi Mkata kwenye shamba la upande wa mama. Tulipewa pole nyingi. Zipo pole zinazomsaidia mtu asimame, na zipo zinazomwambia akae chini atulie, mambo yake yamekwisha. Hizo za pili nilizirudisha kwa wenyewe tangu msibani.

Sabuni nilijifunza kwenye mafunzo ya siku mbili ya kikundi cha akina mama. Walitupa kipimo kwenye karatasi: kilo moja ya mafuta ya nazi, gramu mia na themanini za kostiki, zile chembe nyeupe zinazounguza, maji kiasi fulani. Koroga, mimina kwenye boksi la mbao, subiri. Nilikifuata kipimo kile kama sala. Mwaka mzima sabuni yangu ilitoka nyeupe, ngumu, yenye povu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mia na themanini, kwa nini siyo mia, kwa nini siyo mia tatu.

Kisha mafuta ya nazi yakaadimika, na yakaja mawese. Mafuta ni mafuta, nikajisemea. Nikapima kilo moja ya mawese, gramu mia na themanini za kostiki, nikakoroga.

Aliyekuja wa kwanza alikuwa jirani yangu wa mezani, mama anayekaanga mihogo pale stendi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba ya nini? Tazama." Akanyoosha viganja. Vilikuwa vyekundu, vimebambuka kwenye vidole. "Nguo zimetakata, sikatai. Lakini na mimi nimetakata. Mwanangu, sabuni yako hii inatafuta mfupa."

Wapiga debe wakasikia. Hawakuchukua hata dakika kuipa jina: Toangozi. Kwa miezi kadhaa, basi likisimama, mmoja wao alipaza sauti, "Toangozi hiyo hapo! Anayetaka kuzaliwa upya ashuke!" Na abiria wakacheka, na mimi nikasimama palepale nyuma ya meza yangu kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kusimama, na hata ningekuwa napo nisingeenda.

Niliikusanya sabuni yote niliyoweza kuipata, nikairudisha nyumbani kwenye magunia. Nikaanza kuuliza kosa liko wapi. Mmoja aliniambia nimekoroga kwa mkono usiofaa. Mwingine akasema mwanamke akiwa kwenye siku zake asiguse kostiki, itakasirika. Huyo sikumjibu. Mwenyewe nilijua tu kwamba kuna kitu kimebaki kwenye ile sabuni ambacho hakikupaswa kubaki. Kwa nini kimebaki, sikujua.

Jibu nililikuta kwenye daftari la mdogo wangu, alipokuja likizo.

Lilikuwa daftari safi, lote kwa Kiingereza, limenakiliwa ubaoni neno kwa neno. Alikuwa ameketi kibarazani, ameliweka mapajani, analitazama bila kufungua ukurasa.

"Wanafundisha nini humo?" nikamuuliza huku napepeta mahindi.

"Moli."

"Moli ni nini?"

"Mwalimu kasema ni idadi."

"Idadi ya nini?"

"Ya chochote. Namba kubwa, dada, ina tarakimu ishirini na nne. Hatuelewi. Tunakariri."

"Ni kubwa kuliko majani yote ya mkonge wa Ngombezi?"

"Ya Ngombezi, na ya dunia, na ya dunia nyingine tukiipata."

"Sawa. Lakini ni fungu?"

Akageuka. "Fungu?"

Nikauweka ungo chini. Mdogo wangu alikuwa mdogo mno kufika kwa baba shambani, lakini mimi nilimpelekea chakula miaka mitatu. Fungu la mkonge ni majani thelathini. Msimamizi hakuuliza kama majani ni mapana au membamba. Alihesabu thelathini, akaandika moja. Fungu la shamba kongwe lilimwinamisha baba bega. Fungu la mkonge mchanga hata mimi nililibeba. Idadi ni ileile, uzito si uleule. Nilimweleza hivyo, kama nilivyoliona.

Kisha akafungua daftari, safari hii kwa haraka, akaweka kidole kwenye orodha ya namba.

"Kwa hiyo fungu moja la kostiki," akasema polepole, "sodiamu ishirini na tatu, oksijeni kumi na sita, haidrojeni moja. Gramu arobaini. Na fungu moja la chumvi ya kupikia ni gramu hamsini na nane na nusu. Idadi ileile."

"Majani mapana zaidi."

"Majani mapana zaidi!" Akacheka. "Mbona mwalimu hakusema?"

"Mwalimu hakubeba mkonge."

Likizo ile yote tuliishi ndani ya daftari lile. Yeye alinisomea Kiingereza, mimi nilikirudisha kwenye vitu vya nyumbani, na kila tulipokwama tulikaa palepale mpaka tukwamuke. Ukurasa mmoja ulikuwa na mlinganyo wa sabuni. Fungu moja la mafuta linakula mafungu matatu ya kostiki, siyo zaidi. Nilimwambia arudie kusoma. Akarudia. Nikamwambia tena.

Molekuli za mafuta ya nazi ni nyepesi, za mawese ni nzito. Kwa hiyo kilo moja ya nazi ina mafungu mengi, na kilo moja ya mawese ina mafungu machache, kama vile kilo ya majani membamba ina majani mengi kuliko kilo ya majani mapana. Mafungu machache ya mafuta yanakula kostiki chache. Tulipiga hesabu kwenye vumbi kwa kijiti, tukafuta, tukapiga tena. Mawese yalitaka kama gramu mia na arobaini. Mimi niliyapa mia na themanini. Yakala, yakashiba, yakaisha. Na zile arobaini zilizokosa mwenza zikabaki ndani ya kila kilo, zikisubiri vidole vya mama wa mihogo.

Sikuwa nimekoroga kwa mkono usiofaa wala sikuwa mchafu. Nilikuwa sijahesabu, basi. Sijui kama kuna mtu amewahi kufurahia kosa lake kama nilivyolifurahia lile.

Tukaenda kwenye ukolezi wa maji, ile hesabu ya mafungu mangapi yamo ndani ya lita moja. Hapo mdogo wangu alikuwa na kosa lililomla alama tangu muhula uanze. Akiambiwa atengeneze lita moja ya maji ya kostiki, anapima lita nzima ya maji, kisha anamimina kostiki juu yake.

"Bomba la kupulizia dawa ya mahindi," nikamuuliza, "unalijaza maji mpaka juu halafu ndiyo unaweka dawa?"

"Litafurika."

"Sasa?"

"Naweka maji kidogo, naweka dawa, halafu najaza mpaka kwenye mstari."

"Basi na hapo jaza mpaka kwenye mstari."

Akapiga paji la uso kwa kiganja. Kuanzia siku ile hakukosea tena. Nikimpa swali barabarani tukitoka kisimani, gramu nane za kostiki, nusu lita, alijibu ndoo ikiwa kichwani: "Gramu nane ni moja ya tano ya fungu. Kwenye lita nzima ingekuwa mbili ya tano. Nukta nne." Bila kalamu. Watu tuliopishana nao walidhani tunagombana, kwa jinsi tulivyokuwa tukipaza sauti.

Aliporudi Korogwe aliondoka kifua mbele. Mtihani ukaja. Kisha ikaja bahasha.

Niliisoma fomu ile mara tatu pale mezani. Mama wa mihogo aliniona, akaacha mafuta yake motoni, akaja.

"Kuna msiba?"

"Wanataka nisaini mtoto aache kemia."

"Ile kemia iliyoiponya Toangozi?"

"Hiyohiyo."

Akanitazama, akatazama meza yangu. "Nenda. Hizi nitakuuzia. Na usirudi na saini."

Nilipanda basi la asubuhi iliyofuata. Njia nzima fomu ilikuwa kwenye mkoba, nami nilirudia kichwani yale nitakayosema, nikayapanga na kuyapangua. Korogwe nikachukua bodaboda hadi shuleni. Kwenye ukuta wa ofisi ya walimu kulikuwa na kibao kikubwa cha Kiingereza kinachokataza Kiswahili. Nikapita chini yake, nikabisha hodi kwa Kiswahili.

Mwalimu wa kemia alikuwa kijana wa rika langu. Hilo sikulitarajia, nilikuwa nimejiandaa kwa shikamoo, ikanibaki mdomoni.

"Karibu, mzazi," akasema.

Mzazi. Mtu aliyezaliwa pengine mwaka mmoja na mimi. Nikakaa kwenye kiti nilichooneshwa.

"Mwalimu, nimeleta fomu, lakini sijasaini. Nataka kwanza kuona mtihani wake."

Hakukasirika. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa nilikuwa nimekuja nikitaka akasirike ili na mimi nipate nafasi yangu. Alivuta rundo la karatasi, akatafuta, akaiweka ya mdogo wangu mbele yangu. Wino mwekundu ulikuwa mwingi.

"Swali la nne," akasema. "Alama nane. Kostiki yenye ukolezi wa nukta moja imepambanishwa na tindikali ya salfa, sentimita za ujazo ishirini na tano kwa ishirini, atafute ukolezi wa tindikali. Jibu lake ni nukta sifuri sita mbili tano. Sahihi kabisa. Lakini angalia njia yake." Akazungusha karatasi. "Hizi ni nini? Kuni?"

Yalikuwa mafungu. Mdogo wangu alikuwa amechora vifungu viwili vya majani vimefungwa kiunoni, na kimoja upande wa pili, na mstari unaoviunganisha.

"Ni mafungu, mwalimu."

"Mafungu. Mimi nasahihisha kemia, mzazi. Hakuna kanuni, hakuna mlinganyo. Nimempa mbili za jibu. Na nikuambie ukweli, jibu sahihi lisilo na njia, mimi huwa najiuliza limetoka dawati la nani."

"Limetoka Mkata," nikasema.

Akaniangalia.

Nikaweka kidole kwenye mchoro. "Mafungu mawili ya kostiki yanamaliza fungu moja la tindikali. Siyo moja kwa moja, ni mawili kwa moja. Amehesabu kostiki iliyopo, akagawanya kwa mbili kwa sababu ya mchoro huu, akapata tindikali. Halafu akauliza, kama hiyo imo ndani ya sentimita ishirini, ndani ya lita nzima zingekuwamo ngapi? Njia ndiyo hiyo. Ameichora badala ya kuiandika, lakini hakuiiba."

"Nani kamfundisha hivi?"

"Mimi."

"Wewe ni mwalimu?"

"Natengeneza sabuni."

Akasema, "Umefika kidato cha ngapi?"

"Cha pili. Lakini swali la nne silijibu kwa cheti, mwalimu."

Mwalimu mmoja aliyekuwa meza ya nyuma akakohoa kicheko. Nikajiona nimeshinda. Nikajiona hivyo kwa muda wa kupindua ukurasa mmoja.

"Sawa," akasema mwalimu wa kemia. "Basi na swali la saba tumlaumu huyohuyo." Akanisomea, akinitafsiria. Waliulizwa kama siki iliyotengenezwa kwa tindikali nyingi na maji machache ni tindikali yenye nguvu. Mdogo wangu alijibu ndiyo. Akaandika mistari sita mizuri ya kueleza kwa nini. Yote ilikuwa imekatwa.

"Si kweli?" nikauliza.

"Si kweli. Nguvu ya tindikali ni tabia yake. Tindikali yenye nguvu, molekuli zake zote zinagawanyika zikiingia majini. Za siki zinagawanyika chache tu, hata uweke nyingi kiasi gani. Kuwa nyingi ni jambo moja, kuwa na nguvu ni jambo jingine. Kwa Kiingereza ni maneno mawili tofauti. Yeye ameyafanya neno moja. Si hapa tu, ni swali la saba, la nane, na kipengele cha la tisa."

Nililiona daftari lile mbele ya macho yangu, pembeni mwa ukurasa, mwandiko wangu wa penseli. Neno la kwanza la Kiingereza, nikaandika: kali. Neno la pili, nikaandika: kali. Nilikuwa na haraka. Kostiki nyingi kwenye maji machache tunaiita kali; kostiki yenyewe ilivyo tunaiita kali; siki ni kali, pilipili ni kali, na stendi wananiita mimi mkali. Neno moja lilinitosha kwa kila kitu, nikadhani linatosha na kwa kemia.

Ningeweza kunyamaza. Fomu ilisema hana uwezo. Ningeweza kuliacha kosa likae kwake, na hakuna ambaye angejua.

"Kosa hili ni langu," nikasema. "Ni mwandiko wangu ulio kwenye daftari lake. Lete daftari uone. Yeye alifuata nilichomwandikia."

Mwalimu akaegemea kiti.

"Chai," nikasema, nikifikiria kwa sauti. "Ukiweka majani mengi, hatusemi chai kali tu. Tunasema imekolea. Siki inaweza kukolea na bado isiwe na nguvu. Na kostiki tone moja kwenye pipa haijakolea hata kidogo, lakini tabia yake ni ileile. Ningemwandikia kukolea kwenye neno moja na nguvu kwenye jingine, angepata."

"Angepata," akakubali mwalimu.

"Basi mwite. Mpe swali jingine hapahapa, mbele yako, mimi nikiwa nimefunga mdomo."

Alimtuma mtu darasani. Mdogo wangu aliingia, akaniona, akamsalimia mwalimu kwa Kiingereza, akanisalimia mimi, "Shikamoo, dada." Nikaitikia. Nikaangalia ukuta ili nisimpe hata kope.

Mwalimu akatafuta karatasi tupu mezani, hakuiona upesi. Nikachukua fomu yangu, nikaigeuza, upande wa nyuma mweupe ukawa juu, nikaisogeza.

Akamwambia: gramu tano nukta tatu za magadi makavu zimeyeyushwa, zikajazwa maji mpaka sentimita mia mbili na hamsini. Unachukua sentimita ishirini na tano za maji hayo. Tindikali ya haidrokloriki yenye ukolezi wa nukta tano, utahitaji sentimita ngapi kuyamaliza?

Mdogo wangu akachukua kalamu. Alichora kifungu kimoja cha magadi. Mwalimu akakohoa. Mdogo wangu akaacha kuchora. Akaandika mlinganyo kwa Kiingereza, akausawazisha, akaweka mbili mbele ya tindikali. Kisha, chini yake, nikaona anachora vile vifungu tena, vidogo sana, kimoja huku na viwili kule, halafu akaandika kanuni pembeni mwake. Mia na sita, fungu moja la magadi. Nukta sifuri tano. Nukta mbili kwa lita. Nilihesabu naye kimoyomoyo, meno nimeyabana. Kwenye sentimita ishirini na tano, nukta sifuri sifuri tano. Mara mbili. Gawanya.

"Ishirini," akasema. "Sentimita ishirini."

Mwalimu aliisoma karatasi yote kuanzia juu, akafika chini, akarudi juu.

"Alama za mtihani sibadilishi," akasema hatimaye. "Zimeshakwenda kwa mwalimu wa taaluma. Arobaini na moja ni arobaini na moja."

"Sikuja kuomba alama."

"Bila saini yako hatuwezi kumhamisha. Lakini nikuambie mapema, mzazi, wasahihishaji wa mtihani wa taifa hawatajua kuni zenu. Akianguka mwakani, ameangukia kwenye cheti, na cheti hakifutwi. Angehama sasa angekuwa salama."

"Akianguka, aangukie ndani ya kemia," nikasema. "Siyo nje yake, kwa mkono wangu."

"Mkuu ataniuliza fomu iko wapi."

"Mwambie mlezi amekataa."

"Niandike hivyo? Amekataa?"

"Andika. Kwa wino."

Akavuta kitabu chake, akatafuta jina la mdogo wangu, akaandika maneno mawili. Nilisimama nikayasoma yakiwa kichwa chini, kutoka upande wangu wa meza, mpaka nikahakikisha ni hayo. Kisha nikaichukua fomu yangu.

Mdogo wangu alinisindikiza hadi getini. Hakulia, hatuna tabia hiyo hadharani. Alisema tu, "Dada, kumbe siki siyo kali?"

"Siki imekolea. Nenda ukafute penseli yangu."

"Nisiandike juu yake?"

"Futa kabisa. Halafu andika mwenyewe."

Wiki mbili baadaye akaniambia kwa simu kwamba mwalimu alifika darasani, akaandika yale maneno mawili ya Kiingereza ubaoni, na chini ya moja akaandika nguvu, chini ya jingine kukolea, kisha akafuta haraka kabla mkuu hajapita. Darasa zima walikuwa wameshanakili.

Sasa yuko kidato cha nne. Mtihani wa taifa haujafika, na siandiki hapa kwamba atafaulu, kwa sababu silijui hilo. Ninachojua ni kwamba ataingia chumba cha mtihani akiwa na namba ya kemia kwenye orodha yake ya masomo, na hakuna karatasi yoyote duniani yenye saini yangu inayosema hana uwezo.

Fomu ile nimeipigilia misumari miwili ukutani, juu ya beseni ninamokorogea. Ule upande wa magadi na tindikali na vifungu vidogo ndio unaotazama nje, na pale palipobaki peupe nimeandika vipimo vyangu, nazi mia na themanini, mawese mia na arobaini, ili nisije nikasahau. Mama wa mihogo aliniuliza majuzi ni dua gani ile nimebandika.

"Siyo dua, mama. Ni hesabu."

"Na huku nyuma kumeandikwa nini?"

"Nyuma hakuna kitu," nikamwambia. "Kuna nukta tu."

Akainyanyua kona kwa kidole chake, ngozi yake imeshapona, akachungulia ule mstari uliobaki mtupu. Akaiachia ikarudi ukutani. Kisha akaniambia nimpimie vipande viwili, vya mawese.